Nauli ya Kwenda Mwanza

Rafiki yangu Scola wa mtaa wa Ramadhani, hapa Njombe, mpaka leo akinisimulia kisa hiki hufunga mlango kwanza. Mama yake alikuwa mahututi Mwanza, naye akaenda Makambako kutafutiwa ndege ya kumuwahi.

Hosea, kijana wa duka la intaneti, aliandika kwenye kompyuta: Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, kwenda Mwanza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Mtoto wa Scola akalia, Hosea akampokea na kumfunika kwa koti lake.

"Tovuti hii, dada, kobe ana nafuu."

Umeme ukakatika. Gizani vitufe vikaanza kubonyezwa, ta, ta, ta.

"Kaka, ngoja kwanza umeme urudi."

"Dada, mikono yote nimemshika mwanao."

Umeme ukarudi. Kwenye kioo nauli ilikuwa imetoka: Mwanza kwenda Songwe. Mtu mzima mmoja, jina la mama yake Scola. Kiti hahitaji.