Cheti cha Hezekia

Kila Jumamosi, tukishamaliza kuchambua viazi vya mbegu, familia yetu ilikusanyika jikoni kusikiliza mpira. Baba, mzee Ebeneza, alipakata redio. Mama alichochea moto, maana baridi ya kijijini kwetu Yakobi mwezi wa sita haina utani. Kaka Hezekia alikalia gunia. Mimi, Emilia, mtoto wa mwisho, nilikaa mlangoni, mbali na redio kadiri nilivyoweza.

Aliyekuwa akitajwa redioni ni kaka yetu mkubwa, Wiliam. Huko Dar es Salaam walimpa jina la Barafu, kwa sababu ametoka Njombe kwenye baridi.

"Barafu! Kamtoka mmoja, kamtoka wa pili, goooli!" mtangazaji alipiga kelele. "Na ana miaka kumi na tisa tu, jamani!"

Hezekia alicheka. "Kumi na tisa ninayo mimi. Kaka Wiliam ana ishirini na minne."

"Watangazaji hao, wanapenda kuongeza chumvi," Baba alisema, akaongeza sauti ya redio.

Mimi sikucheka. Nilijua miaka ile kumi na tisa ilitoka wapi. Ilitoka mikononi mwangu.

Miaka miwili nyuma, walimu wa timu moja kubwa walikuja Makambako kutafuta vijana wenye kipaji. Wiliam aliwachezea mpira ambao watu wa pale wanausimulia mpaka leo. Tatizo lilikuwa moja: walitaka wasiozidi miaka kumi na minane, naye alikuwa na ishirini na miwili. Wenyewe kwenye mpira mtu wa namna hiyo wanamwita kijeba, mkubwa anayejificha kati ya wadogo.

Siku hiyo Wiliam aliniita nyuma ya nyumba. "Emi, nitolee cheti cha kuzaliwa cha Hezekia kwenye sanduku la Baba. Nakitoa kopi tu, nakirudisha. Ila usimwambie mtu."

Nikakitoa. Alikirudisha kesho yake, na mimi nikapewa soda na chapati mbili. Naona aibu kuandika hili, lakini ndiyo kweli yenyewe: nilimuuza kaka yangu mmoja kwa chapati, na zilikuwa tamu.

Kwa kopi ile Wiliam alisajiliwa, na karatasi zilipomfikisha miaka kumi na minane akaandikishiwa kitambulisho cha taifa ili asafiri na timu. Nyumbani tukaezeka bati jipya. Shuleni nikawa mtu maarufu. Kila mwalimu aliyeniuliza habari za Barafu nilimjibu nikiangalia chini, nao wakanisifu kwamba nina adabu.

Mambo yaliharibika Jumatatu moja. Hezekia alikwenda Makambako kujiandikisha katika chuo cha ufundi, asomee umeme wa magari. Alikuwa ameisubiri nafasi ile mwaka mzima, na Mama alikwisha kumshonea ovaroli. Chuo kilitaka namba ya kitambulisho, na mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa. Akaenda ofisi ya vitambulisho. Jioni alirudi uso umemshuka.

"Wanasema Hezekia Ebeneza ameshajiandikisha," alisema. "Alama za vidole si zangu. Wameniuliza cheti hiki nimekiiba wapi."

Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza. Nikisema, Barafu amekwisha. Nisiposema, Hezekia amekosa chuo. Nilikwenda shule na kurudi bila kusikia hata somo moja.

Alhamisi asubuhi Baba alimsimamisha Hezekia uani. "Niambie, cheti chako ulimpa nani? Ulikiuza?"

"Baba, sijawahi hata kukishika!"

"Mwongo mkubwa! Vyeti havitembei vyenyewe!"

Hezekia alianza kulia. Mwanamume wa miaka kumi na tisa, analia mbele ya Mama na mbele ya jirani aliyekuja kuomba moto. Hapo nikaingia kati yao.

"Ni mimi, Baba," nilisema. "Nilimpa kaka Wiliam."

Nilieleza yote, mpaka chapati. Hakuna aliyenipiga, na ningeona afadhali nipigwe. Baba aliketi kwenye kigoda akajishika kichwa.

"Nisamehe, Hezekia," alisema taratibu. "Nilisikia miaka ile redioni kila wiki. Sikutaka kujua."

Kisha akampigia Wiliam simu. Hakugomba. "Mdogo wako hana jina," alimwambia. "Njoo ulirudishe mwenyewe. Usipokuja, kesho naenda mimi."

Wiliam alipanda basi siku ileile, akashuka Makambako Ijumaa. Alikwenda ofisini pamoja na Baba na Hezekia, akaweka vidole vyake na kueleza kila kitu kwa mdomo wake. Mkuu wa chuo aliposikia mkasa ule alimwongezea Hezekia wiki mbili, na kabla hazijaisha jina lake lilisahihishwa. Alianza masomo akiwa na ovaroli yake.

Wiliam hakupata wiki mbili. Timu ilivunja mkataba, naye akafungiwa miaka miwili asicheze ligi. Magazeti yalimchora katuni. Sokoni watoto walimfuata wakiimba, "Barafu imeyeyuka!" Alilima viazi ameinamisha kichwa, na alikuwa akinisalimia kwanza kabla sijaiona namna ya kumsalimia. Hilo liliniumiza kuliko zile nyimbo.

Adhabu ilipokwisha, hakuna timu ya ligi iliyomtaka tena. Timu ya mtaa huko Makambako ndiyo iliyomwomba awasaidie. Tulikwenda wote kumtazama. Katibu wa mechi alifungua daftari.

"Jina?"

"Wiliam Ebeneza."

"Umri?"

"Ishirini na sita."

"Kijeba!" mtu mmoja akapaza sauti, na uwanja mzima ukacheka. Wiliam alisubiri kicheko kiishe, akatia sahihi, akaingia. Mbio zile za zamani zilikuwa zimepungua. Lakini alipotoa pasi yake ya kwanza ikapita katikati ya watu watatu, wale waliokuwa wanacheka walinyamaza. Mimi nilijifunika kanga usoni.

"Baba," nilisema, "ningenyamaza, leo angekuwa anachezea taifa. Mimi ndiye niliyemwangusha."

Baba alinivuta karibu. "Hapana, mwanangu. Wiliam alianguka siku aliyochukua kopi ile. Ile miaka miwili yote tulikuwa tunamshangilia mtu aliyekwisha kuanguka, na Hezekia alikuwa chini yake. Kosa lako si kusema, ni kuchelewa kusema. Na langu ni kubwa kuliko lako. Siku nyingine mtu mzima akikuomba kitu, akakwambia usimwambie mtu, hapohapo njoo uniambie. Hata kama anayeomba ni mimi, mwambie mama yako."

Mpira ulipokwisha Wiliam alikuja tulipokaa, ametapakaa vumbi. Nilishusha kanga, nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Shikamoo, kaka Wiliam," nikasema.

"Marahaba, Emi," akajibu, akaketi kati yangu na Hezekia.