Nafasi ya Zuhura

Mwanvita aliporudi kutoka kuchuma iliki, alimkuta mama yake, Bi Mosi, kibarazani, amesukwa nywele mtindo wa twende kilioni. Mistari imenyooka kama matuta ya mchicha.

"Nani kakusuka, mama?"

Bi Mosi alicheka. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga kidogo tu. "Si wewe? Mikono laini, nikasema leo Mwanvita kapaka mafuta."

Mwanvita hakujua kusuka. Katika nyumba yao pale Kinole aliyejua ni mdogo wake, Zuhura, naye alikuwa Uturuki akisomea ukunga. Aliinama akanusa kichwa cha mama. Mafuta ya nazi yaliyochacha. Akaingia jikoni.

Zuhura hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuuma Mwanvita zaidi. Miaka ya nyuma Mwanvita alishikwa na uchungu wa kuzaa, wakamshusha kwa machela kwenye utelezi kuelekea hospitali, na mtoto akafia njiani. Mumewe akamwacha. Zuhura, wakati ule bado binti wa shule, aliapa kusoma arudi kuwazalisha wanawake wa milimani hukohuko milimani. Kwenye usaili wa ufadhili aliwasimulia waliomsaili habari ya machela ile, na watu wakalia. Sasa kila mgeni aliyepanda Kinole alisema, "Hongera, Mama Zuhura." Hakuna aliyesema Mama Mwanvita. Mtoto aliyekufa alikuwa wake, sifa zikawa za mwenzake.

Siku iliyofuata, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba, Mwanvita alisikia mama akiongea katika chumba cha Zuhura. Akasogeza pazia. Bi Mosi alikuwa amekaa mkekani, amelaza shingo mbele, anacheka kicheko ambacho Mwanvita hakuwahi kupewa yeye, na juu ya kichwa chake nywele zilikuwa zikijigawa zenyewe, zikijikunja, zikijivuta, na hapakuwa na mkono.

"Zuhura kaja," Bi Mosi alinong'ona. "Usipige kelele."

Mwanvita aliogopa. Lakini juu ya hofu ile kulikuwa na wivu. Hata kisicho mtu, kikijiita Zuhura, kinapendwa kuliko yeye anayepika, anayefua, anayemwogesha mama.

Bi Mosi alipotoka kwenda kuswali, Mwanvita aliingia peke yake. Godoro la Zuhura lilikuwa limebonyea katikati.

"Kama unataka kuwa Zuhura, kuwa," alisema kwa sauti ya chini. "Chukua nafasi yake. Ya huku na ya huko."

"Ahsante, dada," godoro likajibu, kwa sauti ya Zuhura.

Ijumaa Zuhura alipiga simu. Uso wake kwenye kioo cha simu ulikuwa umekwisha.

"Dada, siko sawa. Watu wananipita kama hawanioni. Jana mwalimu kaita majina, nimeitika weee, kaandika sipo. Na kitandani kwangu kuna mtu, namsikia akipumua." Akaanza kulia. "Nilitaka tu wengine wasipite ulipopita wewe."

Mwanvita alikata simu, akatoka mbio hadi kwa Mwalimu Halidi, msomaji wa visomo aliyeishi ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, mwalimu. Nyumbani kumeingia kitu."

"Marahaba. Kimeingia, au kimekaribishwa?"

"Njoo tu, mwalimu."

Halidi alikuja baada ya alasiri na chetezo cha ubani. Alisoma muda mrefu, jasho likimtoka, na kadiri alivyosoma ndivyo ile harufu ya mafuta yaliyochacha ilivyozidi kujaa, ikapanda kutani, ikaingia mdomoni, hadi Bi Mosi akashika koo na kuta zikaanza kupumua, zikivimba na kunywea taratibu kama ubavu wa mnyama aliyelala.

"Toka!"

"Nimepewa hapa," sauti ilisema kutoka godoroni. "Dada kanipa."

Bi Mosi aligeuza macho yake meupe kumtafuta binti yake.

"Narudisha!" Mwanvita alipiga kelele. "Nafasi ya Zuhura ni ya Zuhura!"

"Sawa. Nami nitakaa wapi?"

"Usimjibu, binti," Halidi alionya. "Akuulize lolote, usimjibu."

Akaendelea kusoma. Bi Mosi alianguka mkekani akilia, "Zuhura wangu! Jamani, mwanangu Zuhura!" Mwanvita alisimama palepale, akingoja jina lake nalo litajwe. Halikutajwa. Wivu ule wa siku zote ukampanda, akanong'ona, kwa ndani kabisa, "Ungechukua nafasi yangu. Mimi si kitu humu ndani."

Harufu ikakatika ghafla.

"Alhamdulillahi," alisema Halidi, ambaye hakusikia kitu. "Ameondoka."

Jioni hiyo Zuhura alipiga simu akicheka. Mwalimu wake wa chuoni kamwita kwa jina. Mwanvita alicheka naye, na kwa mara ya kwanza furaha ile haikumchoma. Aliamua kwamba atakapopiga tena, atamwambia yote na kumwomba radhi.

Kesho yake alishinda shambani. Akirudi, alikutana njiani na jirani yao, mama Paskalia, na kikapu cha machungwa.

"Shikamoo, mama."

Mama Paskalia alipita bila kugeuza shingo. Mwanvita akadhani mzee hakusikia. Akasalimia tena kwa nguvu. Mgongo ule ukaendelea kushuka, ukapotea kwenye ukungu.

Akaongeza mwendo, kisha akakimbia, na alipofika uani alisikia vicheko ndani, mama yake akisema, "Mwanvita mwanangu, leo umenifurahisha, sijui siku zote ulikuwa wapi," kwa upole ambao Mwanvita aliungoja tangu utotoni. Alisukuma mlango. Umefungwa kwa ndani. Akagonga kwa viganja vyote viwili.

"Nani huyo mlangoni?" Bi Mosi aliuliza.

Na sauti ya Mwanvita, kutoka ndani, ikajibu taratibu:

"Hakuna mtu, mama."