Mtandao Namba Arobaini na Saba

Fundi aliufuta mtandao namba arobaini na saba Jumatatu asubuhi, na aliporudi kutoka kunywa chai aliukuta umerudi.

Hakushtuka. Mitambo ina vituko vyake, na yeye alikuwa ameishi nayo miaka kumi na mitatu katika hospitali ile, tangu wauguzi walipokuwa wakimwita awabadilishie taa kwa kuwa walisikia ni fundi wa swichi. Swichi zake hazikuwasha taa. Yalikuwa masanduku bapa ya bati, sita kwa idadi, moja katika kila jengo, yenye matundu ya nyaya na vitaa vya kijani, na kupitia humo kompyuta zote za hospitali zilizungumza. Msimamizi mpya alikuwa amemwagiza azigawe upya: ofisi ziwe na mtandao wao, mashine za wagonjwa ziwe na wake, na wageni wawe na wao, kila kundi lisisikie la mwenzake ingawa waya ni ule ule. Na chochote kisichokuwemo kwenye mchoro kifutwe kabla ya wiki kwisha.

Namba arobaini na saba haikuwemo kwenye mchoro. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliyeificha ni yeye.

Alikuwa na mapacha wa kike. Wa kwanza alimtangulia mwenzake kwa dakika tisa, basi nyumba nzima ikamwita Dada; wa pili wakamwita Tete. Tete alipofika miaka minne aliugua kifua, akalazwa wodi ya kutengwa, ambako mzazi aliruhusiwa saa moja tu kwa siku. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Fundi akafunga kamera ndogo juu ya kitanda, akaipa mtandao wa peke yake ili mtoto asionwe na mwingine, akauita kwa namba ya kitanda. Kila alipokuwa kazini, mwanawe alikuwa naye kwenye kona ya kompyuta. Mpaka mchana mmoja, saa saba, watu wa usajili walipolalamika kwamba printa yao haichapi, kompyuta ikawa nzito, naye akaifunga ile picha ili kazi iende haraka. Alipoifungua tena, muuguzi alikuwa anamfunika Tete uso.

Miaka miwili ilikuwa imepita. Kamera aliiondoa kwa mikono yake, na wodi ikageuzwa stoo ya magodoro. Mtandao hakuufuta. Kila siku saa saba mchana, wenzake wakienda kula, alifungua picha ya namba arobaini na saba na kutazama giza kwa dakika chache. Hakumwambia mtu. Nyumbani, majirani waliendelea kumwita mkewe Mama Pacha kwa mazoea, na mkewe aliendelea kuitika.

Jumanne aliufuta tena, swichi moja baada ya nyingine, jengo kwa jengo. Jumatano ulikuwa umerudi katika zote sita, na safari hii kulikuwa na kitu ndani yake. Orodha ilionyesha kifaa kimoja, kimewaka. Fundi alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro dakika moja. Akafungua picha.

Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya dawa ya kuchua yenye karafuu ambayo Tete alikuwa akipakwa kifuani, nzito kana kwamba mtu ameifungulia kopo puani mwake. Kisha kikohozi, kidogo, kikavu, kikitoka kwenye spika iliyokuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia. Halafu giza la kwenye picha likafifia, pakatokea kitanda, na juu ya kitanda mtoto amelala kaupa mgongo ulimwengu, na Fundi, aliyemzika mtoto huyo kwa mikono yake, akaujua ule mgongo, akakijua kile kisogo, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akalia watu wakamsikia.

"Baba," mtoto alisema bila kugeuka. "Usifunge."

Hakufunga. Alikaa pale mpaka jioni, na Alhamisi akakaa tena, na kazi ya msimamizi ikalala. Alikuwa na furaha, tuseme ukweli. Furaha ya kuiba, lakini furaha.

Ijumaa alfajiri Mama Pacha alimwamsha. Dada alikuwa anakohoa.

"Tangu Jumatano," mkewe alinong'ona. "Nilidhani ni mafua. Hebu msikilize vizuri."

Fundi akasikiliza. Kilikuwa kikohozi kile kile, kidogo, kikavu, na kila baada ya vikohozi vitatu kilinyamaza kama kinachosubiri.

"Na shati lako linanuka karafuu," mkewe alisema. "Siku mbili sasa. Baba Pacha, unakwenda wapi mchana?"

Akamweleza yote, ameinamisha kichwa. Mama Pacha hakumgombeza. Alilia kimya, kisha akauliza kama Tete alikuwa amekonda. Baada ya hapo akafuta uso, akasema anamjua mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Bi Mashuka, mfuaji wa shuka za hospitali ile ile, mama mnene mwenye mikono iliyochujuka kwa sabuni, ambaye watu walimwendea kimyakimya mambo yakiwafika shingoni. Aliwasikiliza huku akikunja foronya. Hakuelewa habari za swichi wala hakutaka kueleweshwa. Alichouliza ni kama mlango ule wa kukitazamia kitanda cha mtoto ulikuwa bado wazi.

"Mwanenu alikwenda siku ile ile, hakugeuka nyuma," alisema. "Huyo ni jini. Kapita, kakuta mlango uko wazi na baba mtu analia hapo kila mchana, kaona hapa pana makao. Kakupa unachokitaka. Sasa na yeye anataka chake. Anataka mwili, na mwili unaofanana na huo uko nyumbani kwako."

Aliwaambia mlango aufunge aliyeufungua, saa ile ile ya saa saba. Kisha chombo chenyewe kivunjwe vipande na kitupwe mbali, kisibaki na mtu.

Mchana huo Fundi aliufuta mtandao katika swichi zote sita, na akiwa bado anatazama, namba ikajiandika upya. Ndipo alipokumbuka. Swichi hizi zilikuwa na tabia ya kufundishana. Moja ikijua mtandao, zilizobaki zinauiga. Basi kulikuwa na mwalimu mahali fulani. Siku zile za kuuguza, waya ulipokuwa haufiki kitandani, alikuwa ameweka swichi kuukuu ya saba juu ya dari ya wodi, akaisahau kama mtu anavyosahau miwani iliyo usoni.

Akachukua ngazi. Ndani ya stoo, magodoro yalipangwa mpaka karibu na dari, na joto la mchana lilikuwa limejaa humo. Alisukuma ubao, akaingiza kichwa na mabega, akakiona kitaa kimoja cha kijani kikipepesa mbali gizani, akaanza kutambaa kwa tumbo juu ya mbao, huku vumbi likimwingia kooni na karafuu ikizidi, na kikohozi hakikutoka tena kwenye spika bali mbele yake, hatua tano, hatua tatu, kisha ubavuni, karibu kabisa na sikio, pamoja na pumzi ya moto ya mtoto mwenye homa, na kiganja kidogo chenye jasho kikamshika kidole gumba namna ile ile Tete alivyokuwa akikishika akitaka kulala.

"Baba, ile siku ulifunga," sauti ilisema taratibu. "Na leo unafunga?"

Fundi alilia kama mtoto. "Nisamehe, mama," alisema. "Mwenzako anaumwa." Akauchomoa waya wa umeme.

Kitaa kikazimika. Kiganja kikalegea. Aliporudi kwenye kompyuta, swichi sita zilikuwa safi, mitandao mitatu kama ilivyochorwa, na msimamizi akamwambia kwa mara ya kwanza kwamba kazi yake ni nzuri. Nyumbani alimkuta Dada ameketi anadai chakula, tena anachagua sahani. Mama Pacha aliinama nyuma ya mlango akashukuru.

Sasa hapa ndipo penye simanzi. Fundi hakuivunja ile swichi. Aliinua nyundo mara mbili, mara mbili mkono ukakataa, kwa maana ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa kimeibeba sura ya mwanawe akiwa hai. Akajipa hoja ya kifundi: kifaa kisicho na umeme ni bati tu, na bati halimdhuru mtu. Akaizungushia kanga kuukuu ya Mama Pacha, akaisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani. Mkewe alipouliza, alimwambia ameshaitupa.

Siku nane zilipita salama. Ya tisa ilikuwa Jumapili. Walikuwa wanakula mchana, Dada akaomba kwenda chumbani, akakawia. Mama Pacha ndiye aliyesikia karafuu. Walipofika, kanga ilikuwa imefunguliwa sakafuni na mtoto ameketi kwa kuwapa mgongo, amepakata lile sanduku la bati. Halikuwa na waya hata mmoja. Kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka.

"Dada," mama yake aliita.

Mtoto hakugeuka.

"Dada, mwanangu."

"Dada amelala," mtoto alijibu, akakohoa mara tatu, akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akakitafuta kidole gumba cha baba yake, akakishika.

"Baba," alisema. "Leo hukufunga."