Pikipiki Iliyogoma Mlimani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kiherehere aliiosha pikipiki ya mama yake. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu mikono yake haikutulia. Binti huyo hakupita karibu na kitu bila kukigusa. Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu na ilikohoa kila ilipowashwa. Hata hivyo, ndiyo iliyompeleka mama yake, muuguzi, kuwasafisha wagonjwa vidonda majumbani.

Wiki hiyo pikipiki ilianza visa. Ikifika katikati ya mlima, inazima. Ikipumzika kidogo, inawaka. Fundi wa jirani alibadilisha plagi. Akasafisha kabureta mpaka ikang'aa. Wapi! Alasiri moja mama alirudi akiisukuma, viatu vimejaa matope.

"Nimechoka nayo," alisema. "Kesho namwita mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Na yule babu wa mlimani, mama? Kidonda chake kitasafishwa na nani?"

Mama alivua viatu, akavikung'uta. Kiherehere aliumia moyoni. Kwa miguu mama asingefika kule kila siku, na mguu wa babu ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kupona.

"Basi nipe leo tu," alisema. "Siiachi mpaka nijue inaumwa nini."

Mama alicheka licha ya uchovu. "Haya, daktari. Tuanze."

Mama aliiwasha pale uani. Iliunguruma vizuri, kisha ikaanza kukwamakwama, ikazima. Kiherehere alifungua kifuniko cha tangi aone kama petroli imekwisha. Fyuu! Hewa ikavutwa ndani. Petroli ilikuwa tele. Mama akapiga kiki, ikawaka papo hapo.

"Tujaribu tena, mama."

Walifunga kifuniko, baada ya muda ikazima. Wakakilegeza, ikawaka na kuendelea kuunguruma bila kusita. Kiherehere alikigeuza kifuniko. Kilikuwa na kitundu kidogo, nacho kimezibwa kwa sabuni.

Aliyekiziba alimjua vizuri sana: ni yeye mwenyewe. Alikuwa amemwona fundi akiziba tangi lililovuja kwa kipande cha sabuni. Siku alipokiona kitundu hicho wakati wa kuosha, aliogopa maji yasiingie kwenye petroli, akakiziba, akajiona naye fundi. Sasa angeweza kuikwangua sabuni kimyakimya, kisha asifiwe. Badala yake alimwonyesha mama kifuniko.

"Mama, ni mimi niliyeziba," alisema, na akaeleza yote.

Mama alikipokea kifuniko, akakichunguza. "Kumbe tangi nalo linapumua," alisema. "Hewa isipoingia, petroli haishuki. Lete pini. Na tukirudi kutoka kwa babu, unakwenda kumwomba fundi radhi. Umemhangaisha bure."

Walizibua kitundu, wakapanda mlima pamoja. Pale pikipiki ilipozoea kuzima, Kiherehere alifumba macho. Ilipita ikikohoa tu, kama kawaida yake.

"Leo hamkusukuma!" babu alishangaa walipofika kwake. "Nani kaitengeneza?"

"Aliyeiharibu," mama akajibu.

Babu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kiherehere akainamisha kichwa kwa aibu.

"Inua uso, mwanangu," mama alisema huku akifungua bandeji. "Kukosea umekosea, lakini umesema mwenyewe. Ungeniambia siku ile ulipokiziba, fundi asingehangaika, wala huyu babu yako asingeningoja. Ukigusa chombo cha mtu, mwambie mwenyewe siku hiyohiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Vizuri. Haya, nishikie mkasi. Kingine usiguse!"