Joka Jeupe la Kadi ya Mwisho

Kinyozi mmoja, rafiki yangu, alinisimulia haya huku akitazama viatu vyake tu. Mdogo wake wa kike alikuwa hoi kitandani kwa kikohozi, akamtuma dukani: "Kaka, leo ndiyo mwisho wa kugawa lile joka jeupe la kwenye gemu ya simu. Nichukulie kadi yenye namba zake."

Alipanga foleni, akapata kadi ya mwisho. Tamaa ikamshika, akaingiza namba za kadi kwenye simu yake mwenyewe, joka likawa lake.

"Nimekuta zimeisha," alimwambia, kwa uso mkavu.

"Haidhuru, kaka."

Wiki haikuisha, mdogo wake akazikwa. Kinyozi akaizima simu ile, akaitupa kwenye droo ya saluni.

Siku moja mchana umeme ulikatika, mashine ikanyamaza katikati ya kichwa cha mteja. Saluni haina dirisha, giza totoro. Ndani ya droo mtu akakohoa, kikohozi kikavu, mara tatu.

"Nani anaumwa humu?" mteja akauliza.

Kinyozi alikijua kikohozi kile. Akavuta droo. Simu ilikuwa inawaka. Joka lilikuwa limempa mgongo, na chini yake, pale lilipokuwa jina la mwenye joka, paliandikwa: Haidhuru, kaka.