Alama ya Matope Nyuma ya Kabati

Uliwaona. Usiniambie hukuwaona. Kinyozi na mkewe walianika magodoro barabarani, nawe ukapita huku unatazama simu.

Mto ulifurika, maji yakaingia kwao hadi kiunoni. Yalipotoka, mke alishika brashi na sabuni, akasugua kila ukuta.

"Mtu wa bima anakuja," alisema. "Atukute kwenye uchafu huu?"

Mtu wa bima akaja, akatazama kuta safi.

"Mafuriko yako wapi? Naona unyevu tu."

"Maji yalifika hapa," kinyozi akajigusa kiuno.

"Kiuno chako si ushahidi, mzee."

Kampuni ikakataa kulipa. Sakafu ilikuwa imetitia na ukuta mmoja umepasuka. Bila fidia, wangehama. Mafuriko yaliyopita kampuni hiyo ilitujibu vivyo hivyo, nasi tukanyamaza. Sijasahau.

Jirani yao ni karani mstaafu wa mahakama. Tunamwita Bi Ushahidi. Aliingia, akatazama kuta, akaguna.

"Wifi, umeifanyia kampuni kazi bila mshahara."

"Sasa nifanyeje?"

"Kabati hili mlilisogeza?"

"Zito hilo. Huyu mume wangu nguvu zake zinaishia kwenye mkasi."

Wakalisukuma wote watatu. Nyuma yake, mstari wa matope ulikuwa umekaukia ukutani. Mke akanyoosha kitambaa aufute. Bi Ushahidi akamdaka mkono.

"Acha. Huyo ndiye shahidi wenu. Mpigeni picha, mtu asimame kando yake. Muulizeni kila jirani kama amebakiza alama. Kampuni itoe sababu zake kwa maandishi. Kisha mwende mahakamani mapema, muda wa kushtaki usije ukawapita."

Nyumba tano zikashtaki pamoja. Wakili wa kampuni akashikilia kwamba ule ulikuwa unyevu. Hakimu akazipanga picha mezani.

"Unyevu huu," akauliza, "ulifanya kikao, ukakubaliana uishie kiunoni nyumba zote tano?"

Wakili akainama kutafuta kalamu.

Kampuni iliamriwa kulipa, ikalipa. Sakafu ya kinyozi imemwagwa upya. Kuta zimepakwa rangi, isipokuwa nyuma ya kabati. Hapo mke hataki mtu aguse.

Lakini nyumba mbili za bondeni, ambazo hazikushtaki, bado zimenyimwa fidia, na sasa hivi kuna mtu huko anachanganya sabuni afute alama iliyobaki. Ile simu uliyokuwa unaitazama ina kamera. Nenda ukamzuie. Piga picha kwanza, brashi baadaye. Nenda leo.