Njia ya Sauti Kutoka Chumbani

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa utani wa fundi wa chuo. Alipiga simu jua likizama, mwalimu akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mwalimu, leo kwenye somo la mtandaoni wanafunzi wako wamesoma takwimu kwa muziki. Nyimbo zako zote zimeingia kwenye somo!"

"Acha masihara."

"Kompyuta yako ni nyumba ya wambea, kila neno linaingia kila chumba. Fungua ule mchoro wa sauti. Somo lipe njia yake, muziki njia yake, simu njia yake. Mfumo huria huo, unaupanga utakavyo, hakuna wa kukuzuia."

Mwalimu alicheka, akakata simu, akaufungua mchoro. Hakuwa ameutazama tangu amzike mkewe, miezi minne iliyopita.

Ni visanduku tu kwenye kioo, vimeungwa kwa mistari. Kisanduku ni kitu kinachotoa au kupokea sauti. Mstari ndio njia yake. Mke alipougua na kulala kitandani, mwalimu alimwekea kipaza sauti kidogo kando ya mto, akavuta mstari mmoja hadi kwenye vipokea sauti vyake vya masikioni. Akiitwa, asikie. Akisikia, ainuke.

Aliufuta mstari wa muziki. Kisha akakiona kisanduku kilichoandikwa *Chumbani*.

Hakikupaswa kuwepo. Kisanduku hutokea pale kifaa kinapochomekwa, na kile kipaza sauti alikuwa amekitia kwenye droo. Akaivuta droo. Kilikuwemo, waya wake umeviringwa vilevile.

Mstari wake ndio haukuwepo. Aliufuta mwenyewe, asubuhi ile ya mwisho, kwa sababu kikohozi cha mkewe masikioni kilikuwa kikimkatisha maneno mbele ya darasa. Saa moja tu, alijiambia. Somo likaisha, akaanza kusahihisha mitihani, akasahau kuurudisha. Alipompelekea dawa ya mchana, mkono wa mkewe ulikuwa umeshapoa.

Aliwaambia watu kwamba mkewe alilala tu, hakuita. Ukweli ni kwamba hakujua. Swali hilo ndilo lililokuwa likimla: aliita, au hakuita?

Mstari ukaanza kujichora.

Polepole... kama uzi unaovutwa na kidole.

Harufu ya dawa ya kuchua kifua ikajaa chumba. Mwalimu akavivaa vipokea sauti.

Pumzi. Kikohozi kikavu, mara mbili. Kisha...

"Mwalimu wangu... uko darasani?"

"Nipo," alinong'ona. "Nipo hapa, mama."

Akavibana vipokea sauti masikioni.

"Mwalimu wangu... maji."

Mkewe hakuwa akimsikia. Mwalimu akashika kipanya, akavuta mstari kutoka kwenye kipaza sauti chake kwenda *Chumbani*. Ukateleza ukarudi. Akavuta tena. Ukarudi. Kisanduku kile kilikuwa cha kutoa tu. Hakikuwa na mahali pa kupokea. Hakuwahi kumwekea spika.

"Mwalimu wangu... basi, malizia kwanza. Nitasubiri."

Kisanduku kikazimika.

Alikimbia chumbani na glasi ya maji. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro halina shuka, kama alivyokiacha. Alisimama pale na glasi yake hadi giza likaingia kabisa.

Asubuhi alimpigia fundi. "Kompyuta inaweza kutoa sauti ya zamani kwenye zile njia?"

"Haiwezi, mwalimu. Njia inapitisha, haihifadhi. Ukiisikia, imesemwa wakati huohuo. Kwani vipi?"

Akakata. Akampigia mama mkwe.

"Mama, nilikudanganya. Siku ile nilikuwa nimeizima sauti yake, nisisikie kikohozi. Aliniita."

Mama mkwe akauliza: "Aliita sana?"

"Mara tatu. Mara ya tatu alisema atasubiri."

"Kama ulikuwa umeizima, mwanangu... nani alikuhesabia?"

Alipoweka simu, alitandika kitanda. Akajaza maji kwenye glasi, akaiweka kando ya mto. Akakitoa kipaza sauti kwenye droo, akakichomeka, na pembeni yake akaweka spika ndogo. Kisha akarudi mezani, akachora mistari miwili: mmoja wa kuja, mmoja wa kwenda.

Somo la saa mbili asubuhi alilifundisha kwa sauti ya chini, akinyamaza kila baada ya sentensi chache, wanafunzi wakidhani mtandao unakatika.